Oyugi wa Kisenyi na Skrubu ya Spidi

Mume wangu ana masikio, na kabla sijamsema vibaya, maana nitamsema, acha kwanza nimpe haki yake. Ukifika Kisenyi ukauliza duka la muziki la Oyugi, hata wale Wasomali wauza matairi watakuonyesha: pita gereji mbili, utaona kibanda cha buluu, na pembeni yake mwanamke mnene anayeuza chai na chapati. Huyo mnene ni mimi, Akech. Tulihamia Kampala kutoka Kisumu mwaka wa themanini na nane, na tangu hapo nimeuza chai ubavuni mwa muziki wake. Hakuna wimbo aliowahi kuuza ambao sikuusikia mara mia, nikitaka nisitake.

Kazi yake ya leo ni kuhamisha muziki. Watu wanamletea kanda za zamani na santuri za baba zao, yeye anaingiza kwenye kompyuta na kuwawekea kwenye flashi. Miaka ya tisini alikuwa mrekodi kanda. Ulimletea kanda tupu asubuhi, ukataja albamu unayoitaka, jioni ukaikuta imejaa na jina limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Watoto wa siku hizi hawajui kwamba nusu ya harusi za mji huu zilichezwa kwa kanda zilizotoka kwenye deki za Oyugi. Yeye hatasahau kuwakumbusha.

Na ugomvi wake mkubwa hapa duniani ni hizi rimasta. Kama hujui ni nini, ni hivi: watu wanachukua albamu ya zamani iliyopendwa, wanairudisha mezani, wanaisafisha kwa kompyuta, wanaitoa tena na jalada jipya na kusema sasa sauti ni bora kuliko ilivyokuwa. Mteja akiingia kibandani akasema yeye anayo ile iliyosafishwa, najua chai yangu itauzika siku hiyo, maana darasa limeanza na watu hawataondoka.

Darasa lenyewe ni zuri, siwezi kumnyima. Anamkalisha mteja kwenye kiti, uso ukutani, asione mkono unagusa nini. Anampigia toleo jipya, kisha la zamani. Mteja atasema jipya ni zuri, lina nguvu. Oyugi anacheka kidogo puani. Kisha anachukua kimita chake cha sindano, analipunguza lile jipya mpaka yote mawili yawe na ukubwa mmoja wa sauti, anapiga tena. Mara hii watu saba kati ya kumi wanachagua la zamani. Walikuongezea kelele ukadhani ni usafi, atamwambia. Sikio ni kama mtoto mdogo, anayempa sukari nyingi ndiye anayempenda. Halafu, kwa haki, atakupigia rimasta mbili au tatu ambazo kweli zimeshinda, kwa sababu aliyezifanya alipata mkanda mzuri zaidi na mkono wake ulikuwa mwepesi. Rimasta haileti kitu ambacho hakikuwepo studio siku ile, anasema. Inatoa vumbi, basi, na mkono mzito hutoa vumbi pamoja na rangi ya ukuta. Haya yote ni kweli. Nimeyasikia miaka nenda miaka rudi na bado ni kweli.

Shida ya mtu anayesema kweli kila siku ni kwamba siku akikosea hakuna wa kumkatalia.

Mwezi wa nne mwaka huu alikuja Travis, mtoto wa Nabangala, rafiki yangu wa Bungoma anayeuza unga Namuwongo. Travis ana miaka ishirini na sita na chumba chake cha kurekodia huko Mbuya. Ni kijana mpole, wa kumsalimia mtu mzima kwa mikono miwili. Habari aliyokuja nayo ilimfanya Oyugi aweke chini chapati: alikuwa anatengeneza toleo jipya la Likizo ya Siku Saba.

Hapo lazima nisimame nieleze. Kulikuwa na bendi moja ya askari waliokaa Mbuya, wengi wao watu wa kaskazini, wakiimba kwa Kiswahili chao cha jeshini. Bendi iliitwa Kombania Jazz. Walitoa albamu moja tu, mwaka wa tisini na mbili, ndiyo hiyo Likizo ya Siku Saba, na mwimbaji alikuwa Sajini Faustino Ogwang. Kama ulikuwa Kampala miaka hiyo unaijua ile sauti: nyembamba, ya juu kabisa, safi kama maji ya mtungi. Wanawake tulikuwa tunaacha masufuria yaungue. Albamu hiyo haikutoka kwenye santuri. Kiongozi wa bendi alimletea Oyugi nakala moja, Oyugi akaizalisha kwa mamia, warekodi wengine wakarekodi kutoka kwenye za Oyugi, na redio nazo zikapiga hizo hizo. Mkanda wenyewe wa studio, ule mkubwa wa rili unaozunguka kama sahani, ulibaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Faustino, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mashine ya kuupiga. Mwaka huu binti yake, Lakica, akautoa akampa Travis.

Travis alitafuta mashine ya rili, akaifufua, akaipima, akauhamisha mkanda. Kisha akaileta kazi yake Kisenyi ili mwenye masikio aipitishe kabla haijatolewa. Mimi ningekuwa yeye nisingekuja. Lakini mtoto kalelewa, utafanyaje.

Kibanda kilijaa siku ile. Mafundi wa gereji walikuja na grisi zao mikononi. Oyugi alitoa kanda yake mwenyewe ya tisini na mbili, aliyoitunza kwenye mfuko wa plastiki, akamkalisha Travis uso ukutani, akalinganisha ukubwa wa sauti kwa kimita chake, akaanza. Ya Travis ilikuwa safi, hapo hakuna aliyebisha. Ngoma ulizihesabu moja moja, na besi ilikuwa na mwili. Lakini ilikuwa nzito, inakokota miguu, na Faustino alisikika kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha Oyugi akapiga kanda yake yenye mikwaruzo na mvumo, na watu wote wakaanza kutikisa mabega. Fundi mmoja akasema ya Travis ni ya kupigwa matangani. Tukacheka. Mimi pia nilicheka, nisiseme uongo.

Travis alijitetea kwa adabu. Alisema spidi ya mashine yake ameipima mara tatu, na hivyo ndivyo mkanda ulivyo.

"Mashine yako imekuja mjini jana," Oyugi akamwambia. "Mimi nilikuwepo. Mkanda wa miaka thelathini umelegea kama lastiki ya suruali, mwanangu. Upandishe mpaka ulingane na kanda yangu. Huyu hapa ndiye Faustino."

Kijana akaandika kwenye simu yake. Wiki iliyofuata akarudi na toleo lililopandishwa. Oyugi mwenyewe akakaa kwenye kile kiti, uso ukutani, akasikiliza kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, akatangaza kwamba hii ni rimasta bora aliyowahi kuisikia. Travis akafurahi. Ikapangwa itoke Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, kwa sherehe kwenye ukumbi mmoja Mbuya, Faustino akiwa mgeni wa heshima.

Siku tisa kabla ya sherehe, Alhamisi, akaja Lakica. Nilikuwa namjua kwa sura tu. Ni polisi wa trafiki, na siku hiyo alikuja na sare yake nyeupe. Aliagiza chai, hakuinywa. Alimwomba Oyugi atoke nje, akakaa kwenye benchi langu, akasema baba yake amekataa kuja. Alikuwa amempigia toleo jipya nyumbani. Mzee alisikiliza nyimbo mbili, akasema lizimwe, akaenda kukaa nyuma ya nyumba na kuku wake. Alipomfuata, alimwambia kwamba yule anayeimba mle ndani alikufa mwaka wa tisini na tatu, na yeye hataki kukalishwa mbele za watu ili wamtazame aliyebaki.

Tukamuuliza ana maana gani, ndipo akatueleza. Albamu ilipotoka, Faustino alikuwa ametumwa kaskazini kikazi. Huko akaugua nimonia, akalazwa wiki sita. Aliporudi Mbuya mwaka uliofuata alikuta kanda zake ziko kila kona, na bendi ina wapiga gitaa wapya waliojifunza nyimbo zote kwa kusikiliza kanda. Akasimama kuimba, hakufika. Nyimbo alizozitunga mwenyewe zilikuwa juu kuliko koo lake. Alijaribu mwezi mzima. Alikunywa tangawizi, akanywa asali, akameza mayai mabichi, akaenda kwa daktari, daktari akasema mapafu yamepona kabisa. Kwenye harusi moja sauti ikamkatikia katikati ya kiitikio, mbele ya umati, na watu wakasema ni pombe, mtu ambaye hata bia hakunywa. Akaweka maikrofoni chini. Hakuimba tena, si jukwaani, si kanisani, si akioga.

"Mimi nina miaka ishirini na saba," Lakica akasema. "Sijawahi kumsikia baba yangu akiimba. Hata wimbo wa kumbembeleza mtoto."

Alikuwa na ombi moja. Oyugi anamjua baba yake tangu zile siku. Je, angeweza kwenda kumshawishi aje kwenye sherehe? Oyugi akasema atakwenda Jumapili. Alisema hivyo tu. Mume wangu akijibu kwa neno moja, ujue kuna jambo, kwa sababu yeye hata ukimuuliza saa atakupa historia ya saa.

Lakica alipoondoka, Oyugi hakurudi kwenye kiti chake. Alipanda juu ya stuli, akashusha kutoka rafu ya juu ile deki yake ya kwanza, iliyofungwa kwa gunia. Akachukua bisibisi ndogo, akafungua mgongo wa deki. Mimi nikamfuata na birika mkononi. Ndani, nyuma ya mota, kuna kitundu, na ndani ya kitundu kuna skrubu ndogo kama punje ya mtama. Juu ya skrubu hiyo kulikuwa na tone la rangi nyekundu, limekauka, limeikamata isisogee.

Niliijua rangi hiyo. Ilikuwa rangi yangu ya kucha, aliyoniletea dada yangu kutoka Nairobi mwaka wa tisini na mbili, ikapotea, nikamgombeza binti wa jirani bure mpaka akalia.

Akanieleza bila kuniangalia. Likizo ya Siku Saba ilikuwa na dakika sitini na tatu na kitu. Kanda walizoleta watu zilikuwa za dakika sitini. Wimbo wa mwisho ukawa unakatika katikati, na wateja wakarudisha kanda wakigomba, na kweli walikuwa na haki, nani anataka wimbo uliokatwa shingo. Basi akaizungusha skrubu ya spidi kidogo, deki hii iliyokuwa inapiga nakala ya bendi ikakimbia zaidi, albamu yote ikaingia. Warekodi wote wa Kisenyi walifanya hivyo siku zile, kila mmoja alikuwa na bisibisi yake mfukoni, na hakuna aliyeona ni kosa, maana wachezaji walipenda muziki uliochangamka. Akaitia rangi ya kucha ili isilegee. Na spidi ikipanda, sauti nayo hupanda. Skrubu ile ilimpandisha Faustino kitufe kimoja kizima cha kinanda.

Kisha akasahau. Hilo namwamini. Aliisikia ile ya haraka miaka mingi mpaka ikawa ndiyo wimbo wenyewe.

"Kwa hiyo Faustino hakupoteza sauti," nikasema.

"Hakupoteza."

"Alikuwa anashindana na bisibisi yako."

Nilikasirika, jamani, sijui nisemeje. Mtu huyu huyu anayewakalisha watu uso ukutani kuwafundisha kwamba kelele inadanganya sikio, amedanganywa na spidi yake mwenyewe, tena mara mbili, mara ya kwanza kwa Faustino na mara ya pili kwa mtoto wa Nabangala ambaye alikuwa sahihi. Nyani haoni kundule. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia na mengine ambayo Mkristo hayaandiki.

Yeye akaja na mpango wake. Angempigia simu Travis amwambie arudishe ile spidi ya kwanza, taratibu, bila maneno mengi. Faustino ataisikia, ataona anaweza kuiimba, yatakuwa yamekwisha. Hakuna haja ya kutaja skrubu. Kisenyi yote inamwita Sikio. Aende leo kuwaambia nini?

Nikaweka birika chini. Nikamwambia Faustino akiletewa nyimbo zake zimeshushwa, atadhani mmemshushia kwa huruma, kama mzee anayekatiwa nyama vipande vidogo. Hatarudi kuimba kwa sababu ya huruma. Mtu aliyeambiwa miaka thelathini kwamba ameharibika hawezi kupona kwa kupewa wimbo, anapona kwa kuambiwa hakuharibika, na aliyeharibu ndiye wa kumwambia.

"Utakwenda na deki yako, Baba Adero," nikamwambia. "Utamwonyesha tone la rangi. Usipokwenda wewe nitakwenda mimi, na unajua nitakavyolisema."

Nilimwonea huruma, na hasira yangu haikupungua hata kidogo. Jina la mtu ni kitu kikubwa, na yeye hana lingine. Mwishowe akachukua simu akampigia Travis palepale, nikiwa nimesimama juu yake. Akamwambia yote. Kule upande wa pili nikamsikia kijana anauliza, "Kwa hiyo mashine yangu ilikuwa sawa, mzee?"

"Ilikuwa sawa," Oyugi akasema. "Mimi ndiye sikuwa sawa."

Jumapili baada ya kanisa tukaenda Mbuya watatu, Travis na kompyuta na spika yake, Oyugi na deki kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nyumba ya Faustino iko mteremkoni, ndogo, ua umefagiwa hadi unaona alama za ufagio. Mwenyewe alitupokea mlangoni. Ana miaka sitini na tano, mrefu, mvi fupi, shati limepigwa pasi ya kukata kidole. Alitukaribisha kwa heshima, lakini alishajua tumetumwa kumbembeleza, na uso wake ulikuwa umeshafunga. Lakica akatuwekea viti, akaenda jikoni, ambako ni kibanda nje ya nyumba, kututengenezea chakula.

Tukazungumza hali ya hewa. Tukazungumza kuku. Oyugi akauliza habari za mvua mara ya pili, nikamkanyaga mguu.

"Afande," akasema, "sauti yako hukuipoteza. Niliipandisha mimi."

Akaweka deki mezani, akaifungua mgongo, akaeleza. Hakujificha nyuma ya warekodi wengine, hakusema wote tulifanya, na hapo ndipo nilipokumbuka kwa nini niliolewa naye. Alisema dakika sitini, alisema skrubu, alisema kijana huyu alikuja kwangu akiwa sahihi nikaharibu mara ya pili. Faustino alisikiliza bila kupepesa. Kisha akaichukua deki akaiweka mapajani, akavaa miwani, akainama juu ya kitundu.

"Hii?"

"Hiyo, Afande."

"Hii ndogo hivi."

Akaigusa kwa ncha ya ukucha. Kuku mmoja akaingia mlangoni, akatutazama, akatoka, na hakuna aliyemfukuza.

"Mwaka wa tisini na tatu nilikuja dukani kwako," Faustino akasema. "Nilikuja peke yangu, nikakuuliza, Oyugi, wewe una masikio, niambie mbona sifiki. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Oyugi hakukumbuka. Nilimwona akitafuta na asipate.

"Uliniambia nipumzike. Uliniambia nimonia haiachi sauti ya mtu. Daktari alisema nimepona, nikamwacha daktari nikakuamini wewe."

Mume wangu alilia. Sijui kama alikuwa amelia tangu amzike mama yake. Alilia bila kujifuta, akasema nisamehe, Afande, na Faustino hakumwambia nimekusamehe, wala nisingetaka amwambie upesi hivyo. Alisema habari ya msamaha wataizungumza siku nyingine, wawili. Alimpa deki. Akageuka kwa Travis, ambaye alikuwa amejikunja kwenye ncha ya kiti, akamwambia apige wimbo mmoja kutoka toleo lake la kwanza, lile lililosemwa limelala.

Travis akaupiga.

Mimi nilikuwa nimeucheka wimbo ule kibandani, na sasa nataka niseme nilivyousikia, bila mafundi na bila kanda ya kuulinganisha nayo. Haukuwa umelala. Ulikuwa unatembea, kama askari aliyeshuka kwenye gari la likizo akiwa na siku saba mkononi na hana haraka. Gitaa zilikuwa zinaongea badala ya kukimbizana. Na Faustino wa mkandani hakuwa yule kijana wa juu juu tuliyempenda. Alikuwa mwanamume mzima, sauti imeshiba, kila neno unalielewa. Kuna mistari ambayo kwa miaka thelathini niliiimba hovyo kwa sababu sikuisikia sawasawa, na siku ile niliisikia. Kwa hiyo ukiniuliza mimi kama hizi rimasta zinaongeza kitu, nitakwambia moja nilikaa nayo chumbani ikamrudishia mtu umbo lake. Zilizobaki muulize Oyugi.

Oyugi alikuwa ameinamisha kichwa. Faustino alikuwa ameshika magoti yake. Midomo ilikuwa inafuata maneno, bila kutoa kitu, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili. Kiitikio kilipofika alifumba macho na kufunga mdomo kabisa, kama mtu anayepita mahali alipowahi kugongwa na gari. Wimbo ukaisha hivyo. Travis akanyoosha mkono akazima spika, na taa yake ndogo ya kijani ikazimika.

Nikadhani ndiyo basi. Nikaanza kutafuta maneno ya kuaga.

Faustino akaanza kuimba. Peke yake, mwanzo wa wimbo, bado macho kafumba. Mwanzoni ilikuwa na kutu, ilikwaruza, akakohoa, akarudi nyuma mstari mmoja akaanza tena. Ubeti wa pili ikafunguka. Nikamwona Oyugi anainua kichwa pole pole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anapima chochote. Kiitikio kikaja. Mzee akavuta pumzi, akakiendea, akafika. Alifika akakaa huko juu mpaka mwisho wa mstari, na akashuka kwa hiari yake.

Kutoka jikoni tukamsikia Lakica anapaza sauti.

"Travis, hiyo ndiyo! Hiyo hiyo ya sauti tupu! Iache hivyo, usiiguse tena."

Travis alinitazama, nikatikisa kichwa akae kimya. Baada ya muda Lakica akaja mwenyewe, mwiko mkononi, kulirudia alilosema. Alisimama mlangoni akitazama spika. Aliitazama ile taa iliyozimwa, na sauti ilikuwa bado inaendelea, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyeelewa. Angeelewaje, hakuwahi kuisikia. Kisha akageuza macho akamwona baba yake.

Akakaa chini palepale kizingitini. Faustino alifumbua macho, akamwona, hakunyamaza. Aliingia ubeti wa tatu akimtazama yeye.